Herufi Chini ya Bati

Mwaka wa shule nchini Tanzania huanza mwezi wa Januari, na katika uwanda wa Ufipa mwezi huo ndio wakati mvua imekwisha kushika barabara, mahindi yamefika magotini mwa mtu mzima, maksai waliolima wamefunguliwa nira, na njia zote ziendazo shuleni zimegeuka tope. Ndipo hapo mtoto wa darasa la kwanza katika Chala, mji mdogo wa wilaya ya Nkasi ulio kando ya barabara itokayo Sumbawanga kwenda Namanyere, anapoketi kwa mara ya kwanza mbele ya ubao kujifunza kwamba alama ile nyeupe ya chaki ina sauti, na kwamba sauti hiyo ni kipande cha neno ambalo amekuwa akilitamka tangu ulimi wake ulipofunguka. Juu ya kichwa chake, aghalabu, pana paa la bati lisilo na dari. Mvua ikishuka juu ya bati hilo sauti ya mwalimu humezwa, darasa hubaki kutazama midomo yake na kukisia, na mtoto mwenye masikio mazima huwa kwa nusu saa katika hali ambayo mwenzake mwenye usikivu hafifu huwamo mwaka mzima.

Nimeanza na bati kwa makusudi, maana mengi yanayoandikwa juu ya watoto wenye mahitaji maalumu huanza na huruma, na huruma, ingawa ni sifa njema ya moyo, haijapata kumfundisha mtu tofauti ya herufi b na herufi d. Kufundisha kusoma ni kazi ya mikono na masikio kama kazi nyingine yoyote yenye ufundi, na maswali yake ni ya kifundi: sauti ipi itangulie na ipi ifuate, zipi zisikutanishwe katika juma moja, mtoto asikie nini, aone nini, ashike nini, na nani atajua kama amepata au hakupata.

Swali hili la mwisho ndilo zito kuliko yote. Katika shule zetu nyingi somo la kusoma limejengwa juu ya kiitikio: mwalimu huelekeza fimbo kwenye ubao, hutamka ba, be, bi, bo, bu, na watoto, ambao kwa kipimo cha serikali hawapaswi kuzidi 45 kwa mwalimu mmoja lakini ambao katika madarasa mengi wamekipita kipimo hicho kwa mbali, humwitikia kwa sauti kuu inayompendeza mgeni na kumridhisha mkaguzi. Ndani ya sauti hiyo yumo mtoto ambaye masikio yake yalitoka usaha miezi mingi bila kutibiwa na sasa husikia irabu lakini hasikii vizuri s wala f. Yumo mwenye ualbino ambaye ubao kwake ni wingu. Yumo mwenye ulemavu wa akili anayekumbuka wimbo wa silabi pasipo kujua kuwa wimbo ule una uhusiano na maandishi. Yumo mwenye mtindio wa ubongo ambaye akili yake ni nyepesi lakini ulimi na mkono havimtii. Yumo mwenye usonji aliyeziba masikio kwa viganja kwa sababu makelele hayo ni mateso kwake. Na yumo yule ambaye hana dalili yoyote ya kuonekana, mwerevu wa kucheza na kuhesabu mbuzi, isipokuwa kichwa chake hakikubali kuzigawa na kuziunga sauti za maneno kwa wepesi walionao wenzake. Huyu wataalamu humwita mwenye disleksia. Wote hao wanaitikia, au midomo yao inacheza kana kwamba wanaitikia, na kiitikio kinawasitiri hadi darasa la tatu au la nne, wakati ambapo hapana tena mwalimu mwenye nafasi ya kurudi nyuma.

Walakini katika jambo hili Kiswahili kimetujalia neema ambayo mataifa mengine hayakuipata. Mtoto wa Kiingereza hana budi kuvumilia kwamba herufi zilezile hutamkwa hivi katika neno hili na vingine katika neno lile, na wanachuoni wa nchi zile wamebishana miaka mingi kama afundishwe sauti za herufi au azoeshwe umbo la neno zima. Kwetu hoja hiyo haina mahali pa kusimama. Tangu zama za Askofu Edward Steere wa Unguja, aliyefuata kanuni ya kuandika konsonanti kama zinavyosomwa katika Kiingereza na irabu kama zinavyosomwa katika Kitaliani, hadi kuundwa kwa Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya nchi za Afrika Mashariki mwaka 1930, maandishi yetu yalitengenezwa yafuate matamshi, na kazi hiyo ilifanywa vema hata leo mtu aliyezijua sauti takriban 30 anaweza kulisoma kwa sauti neno asilopata kuliona maishani. Na hata kabla ya herufi za Kirumi, watoto wa pwani waliosoma Kurani chuoni walipitishwa katika njia ambayo kwa hakika ndiyo hiyo ya sauti: kila herufi ilitajwa pamoja na alama zake za irabu, fataha, kasra na dhumma, ikaendelezwa polepole mpaka neno likatokea, na aliyeendelea hadi kwenye elimu ya tajwidi alifundishwa makhraji, yaani mahali pa koo, ulimi, meno au midomo ambapo kila sauti hutokea. Mwalimu wa leo anayemkalisha mtoto mwenye usikivu hafifu mbele yake, akamwonyesha jinsi midomo inavyofumbwa katika m, na jinsi ncha ya ulimi inavyogusa nyuma ya meno katika n, anafanya kazi ambayo masheikh wa Lamu na Unguja wangeitambua mara moja.

Neema hiyo, hata hivyo, inaweza kupotezwa, na mahali inapopotea ni katika hesabu. Irabu zetu ni 5, na konsonanti, pamoja na zile zinazoandikwa kwa herufi mbili kama ch, sh na ny, zakaribia 25. Anayefundishwa kwa sauti ana vitu takriban 30 vya kuhifadhi. Anayefundishwa silabi moja moja kwa wimbo, kuanzia ba na kwenda mbele, pamoja na mba, nda, kwa na pya, ana vitu vinavyokaribia au kupita 200. Mtoto mwenye hifadhi nzuri ya moyo huvimeza vyote 200 kwa ghibu, na akiwa njiani akili yake hugundua yenyewe, bila kuambiwa, kwamba ba na bu zina kitu kimoja cha pamoja. Mwenye ulemavu wa akili hafanyi ugunduzi huo peke yake, na mwenye disleksia huufanya kwa kuchelewa mno. Mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulioletwa mwaka 2015, uliosimamisha KKK, yaani Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, kuwa ndiyo kazi ya miaka hiyo miwili, uliwataka walimu waanze na sauti za herufi na kuziunganisha. Kwa rai yangu hilo lilikuwa shauri jema, na yeyote anayedhani lilikuwa ni kufuata mtindo wa kigeni hajawahi kuzihesabu silabi.

Ila wanaoipenda njia ya silabi nao wana hoja ambayo haifai kudharauliwa. Sauti ya b haiwezi kutamkwa peke yake. Mwalimu akijaribu hutokea “be” au “bu”, na mtoto aliyeambiwa kwamba b ni “bu” akapewa b na a aziunganishe, atasoma “bua”, na atakuwa amefuata alichofundishwa kwa uaminifu mkubwa. Silabi hutamkika, sauti tupu ya namna hiyo haitamkiki. Dawa ya tatizo hili ipo, nayo ni mpangilio. Ziko konsonanti ambazo pumzi yake yaweza kuvutwa muda mrefu bila irabu: m, n, s, l. Mtoto huitoa m huku midomo imefumbwa, huivuta, kisha bila kukata pumzi hufumbua kinywa, na a hutokea. Hapana mahali ambapo sauti mbili zimeachana ili zihitaji kuunganishwa. Mwenye ulemavu wa akili, mwenye usonji, na yule wa disleksia, wote watatu hufaidika na mwanzo huu kuliko mwanzo wa b na d.

Na tazama jinsi Kiswahili kinavyolipa haraka. Kwa herufi tano tu, m, n, l, a, i, mtoto wa Chala anaweza kusoma sentensi kamili iliyo kweli katika nyumba yao mwezi huohuo wa Januari: mama analima. Anaweza kusoma nani analala, mimi ninalima, mila, mali. Ongeza s, na hapo huja sisi, sala, asali, nanasi, simama, na sima ambayo watu wa bara huiita ugali. Mtoto ambaye amechukua miezi mitatu kuzipata herufi sita, muda ambao mwalimu mwenye haraka angeuita hasara, amekwisha kuwa msomaji wa kweli kwa kiasi cha herufi hizo. Hilo si jambo dogo kwa nafsi iliyozoea kuambiwa kwamba haiwezi.

Baada ya hapo huja mitego, maana nimesema Kiswahili kinaandikwa kama kinavyotamkwa, na sikusema kwamba hakina hila. Mwaka 2003 Katie Alcock na Damaris Ngorosho walichapisha utafiti juu ya makosa ya watoto katika kuandika Kiswahili, na walichosisitiza ni kwamba hata lugha yenye tahajia iliyonyooka si kazi nyepesi kwa anayejifunza kuiandika. Katika neno mlima m husimama peke yake na kuhesabiwa silabi kamili. Katika neno mbuzi imeshikana na b na haisimami. Mbuni wa majangwani na mbuni uzaao kahawa huandikwa sawasawa na kutamkwa mbalimbali. Ng'ombe na ngoma zinatenganishwa na alama ndogo ambayo mwenye uoni hafifu haioni, na ambayo mwandishi mwenye pupa haiweki. Mtoto wa Chala ana mtego wake mwenyewe: jina la mji wake huanza kwa herufi mbili zenye sauti moja, jina la wilaya yake huanza kwa nk, mwambatano ambao vitabu vya kusomea haviuhitaji, na makao makuu ya wilaya, Namanyere, yamebeba ny katikati. Mpangilio wa kitabu utamcheleweshea ch hadi mwisho wa mwaka. Sioni ubaya wowote mwalimu akiivunja desturi hiyo, akaandika CHALA kwenye kibao cha mlangoni tangu siku ya kwanza na kuwaambia watoto kwamba hizo mbili za mbele huenda pamoja daima, kwa kuwa mtoto mwenye akili nzito huishika haraka herufi iliyo ndani ya jina analolijua kuliko ile iliyo ndani ya neno la kitabuni.

Iko pia taabu ya lugha ya nyumbani. Wengi wa watoto hawa huingia shuleni na Kifipa kinywani, na Kiswahili, ambacho ndicho lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali, ni lugha ya pili kwao. Yako maeneo mengi ya bara ambako watu hawazitengi l na r katika usemi, na kote bara dh na th huelekea kuwa z na s, hata dhahabu ikawa zahabu na thamani ikawa samani. Mwalimu asiyepambanua huadhibu lafudhi akidhani anafundisha herufi, na mtoto mwenye mahitaji maalumu, ambaye tayari amebeba mzigo wake, huongezewa mwingine. Kula na kura yafaa zitengwe, ndiyo, lakini zitengwe kwa jicho na kwa maana kwanza, na ulimi utafuata baadaye ukipenda. Naongeza kwamba zoezi la kuzigawa sauti kwa sikio, yaani kumwuliza mtoto neno hili limeanza na sauti gani na limeishia na ipi, halihitaji ubao wala daftari, kwa hiyo laweza kufanywa kwa maneno ya Kifipa bila kuvunja sera ya mtu yeyote.

Katika habari ya kushika na kugusa, yafaa ikumbukwe kwamba njia inayosifiwa leo katika shule za watoto wa matajiri ilizaliwa kati ya watoto waliotupwa. Daktari Maria Montessori wa Italia alianza kazi yake na watoto wenye ulemavu wa akili mjini Rome mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, akawatengenezea herufi za kupapaswa kwa vidole, na wakajifunza kusoma. Ndipo akajiuliza ni kitu gani kinachowazuia watoto wazima wasipate zaidi ya pale walipo, akafungua nyumba yake ya watoto mwaka 1907. Baadaye, Marekani, tabibu Samuel Orton na mwalimu Anna Gillingham walijenga mafunzo yao juu ya msingi huohuo kwa wale wenye disleksia: herufi ionwe, itamkwe, na iandikwe kwa wakati mmoja, ili kiungo kimoja kikisahau kingine kikumbushe. Katika Chala hapana haja ya kuagiza kitu. Karatasi ya msasa ya seremala, mchanga uliobandikwa kwa uji mzito juu ya boksi, udongo wa mfinyanzi, vizibo vya soda vilivyoandikwa herufi, hivi vyatosha. Na hapa onyo: b na d zisifundishwe kwa kufuatana, kwa sababu umbo ni lilelile limegeuzwa, na katika Kiswahili mtoto anayezibadili herufi hizo mbili humgeuza baba kuwa dada, kosa ambalo darasa zima litalicheka na yeye hatalisahau.

Asiyeona kabisa ana njia yake, ile ya nukta nundu, ambayo Louis Braille wa Ufaransa aliitangaza mwaka 1829, na ambayo nchini mwetu imefundishwa tangu ilipoanzishwa shule ya wasioona ya Buigiri, Dodoma, mwaka 1950. Maandishi ya nukta nundu nayo ni maandishi ya herufi, hivyo yote niliyosema juu ya sauti humhusu mtoto huyo pia, pamoja na shida moja ambayo wanaoona hawaifikirii. Herufi e na i katika nukta nundu ni nukta mbili zilizowekwa mshazari, moja ikielekea huku na nyingine ikielekea kule. Tena anayeandika kwa kibao na msumari hutoboa kutoka kulia kwenda kushoto, hivyo anapoiandika e mkono wake unafanya umbo ambalo kidole chake kitalisoma kuwa i kama hakuigeuza karatasi. Katika lugha ambayo karibu maneno yake yote huishia kwa irabu, kuchanganya hizi mbili ni kuchanganya kila mstari. Basi na zitengwe kwa majuma kadhaa.

Wenye ualbino wengi wao si vipofu, na kuwafundisha nukta nundu kana kwamba ni vipofu ni kuwanyima macho waliyo nayo. Wanahitaji maandishi makubwa, kiti cha mbele mbali na dirisha lenye mwanga mkali, kofia, na ruhusa ya kuukaribia ubao hata pua ikaugusa bila kuchekwa. Mkoa wa Rukwa, ambamo Chala imo, ni miongoni mwa mikoa iliyotiwa doa na mashambulizi dhidi ya watu hao, na mzazi anayesita kumtuma mtoto wake peke yake katika njia ya mashamba ya mahindi yaliyorefuka kupita kimo cha mtu hana kosa la kulaumiwa.

Kiziwi kabisa ni habari nyingine, na hapa napenda kusema wazi kinyume cha wale wanaodhani kwamba njia ya sauti ni ufunguo wa kila mlango. Shule ya viziwi ya Tabora, iliyoanza mwaka 1963, na ile ya Buguruni iliyofuata mwaka 1974, zililelewa katika imani kwamba kiziwi afundishwe kusema kwa mdomo. Wako waliofaulu, hasa waliobakiwa na chembe ya usikivu. Lakini mtoto asiyepata kuisikia sauti yoyote hana kitu cha kuigawa wala kuiunganisha. Kwake herufi na ishikamane na lugha ya alama na vidole, na maana itangulie. Kumlazimisha apitie mlango wa sauti kwa sababu mtaala umesema hivyo ni kumkosea insafu.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 imewapa watoto hawa wote haki ya kusoma, na Chuo cha Ualimu Patandi, mkoani Arusha, kimekuwa kikiandaa walimu wa elimu maalumu. Arusha ni mbali na Chala. Kwa miaka mingi ijayo mtoto huyu atafundishwa na mwalimu wa kawaida, katika darasa la kawaida, na kinachowezekana katika darasa hilo ni kidogo lakini si hafifu: saa ya mvua itumike kuandika na kupapasa, saa ya kianga ndiyo itumike kusikiliza, kiitikio kipunguzwe, na kila siku watoto watatu au wanne waitwe mezani, mmoja mmoja, wasome herufi na maneno machache yasiyo katika wimbo waliouzoea, mwalimu akiandika kwenye daftari nani ameshindwa nini.

Daftari hilo lina faida ambayo huonekana baada ya miaka. Mwenye disleksia anayesoma lugha iliyonyooka kama yetu hatimaye huyapata maneno kwa usahihi, kwa sababu kila herufi inamwambia kweli; kinachombakia ni upole wa kwenda, hata aya ambayo wenzake huimaliza kwa dakika moja humchukua tatu. Akijaribiwa kwa maneno mawili matatu atafaulu, na hapana atakayemdhania. Baraza la Mitihani la Tanzania limeweka utaratibu wa kuwaongezea muda watahiniwa wenye mahitaji maalumu wa darasa la saba, dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine, na muda huo ndio hasa anaouhitaji mtoto huyu kuliko msaada mwingine wowote. Ulemavu wa wengine huonekana kwa jicho la kila mtu. Wake hauonekani, na ni vigumu kufahamu jina lake litaingiaje katika orodha ya watahiniwa hao ikiwa hapana mwalimu, katika miaka ile miwili ya mwanzo, aliyepata kumsikiliza peke yake na kuandika alichokisikia.